Nitumie Kipimo cha Mlango

Kasingirima, Ujiji
8 Machi 2009

Mwanangu Nehemia,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. U hali gani huko? Unakula? Kikohozi ulichoondoka nacho kimepoa? Mimi ni mzima. Magoti ndiyo yenye malalamiko, ila hayo siyasikilizi. Kila nikipiga simu yako naambiwa haipatikani, kwa hiyo nimempa Anatoli barua hii, maana boti yake ya dagaa hufika Nyanza-Lac mara kwa mara.

Tangu ulipokwenda Burundi kuitazama nyumba yetu, hapa hapakaliki. Nafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Naenda sokoni sina haja ya kitu, narudi, natoka tena. Jirani Rozalia ameniuliza kama nimekuwa kiguu na njia uzeeni. Juzi nikapeleka kigoda kwa Fundi Leodgar, kwenye karakana ya parokia, kitiwe mguu. Nikamkuta anaandikisha watu wa mafunzo ya useremala. Si mafunzo ya kunakili ubaoni. Mtu anashika mashine za umeme mwenyewe, na mwisho anaondoka na kitu alichokitengeneza. Nikamwambia, "Niandike na mimi." Akacheka. Nikabaki nimesimama pale pale mpaka akaacha kucheka.

Usinicheke na wewe, nina sababu. Wenzetu wanaorudi Burundi wanang'oa milango yao na kuipakia kwenye malori, kwa sababu huko nyumba nyingi zimebaki matundu. Mimi sina mlango wa kung'oa, huu wa hapa ni wa mwenye nyumba. Tulipokimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili, baba yako aliufunga mlango wetu kwa kamba, akaniambia tutarudi wakati wa mavuno. Tukakaa Ujiji, ukazaliwa, ukaota ndevu, tukamzika yeye. Sasa nataka kuingia kwangu kwa mlango wa mikono yangu, nisukume komeo kwa ndani, nilale. Sitaki kingine duniani.

Basi nitumie kipimo cha mlango, urefu na upana. Fundi anasema bila kipimo hakuna kazi.

Mama yako,
Capitoline


Nyanza-Lac
2 Aprili 2009

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Msalimie Rozalia. Simu nimeizima kwa sababu laini ya Tanzania huku inameza vocha, usiwe na wasiwasi.

Useremala, Mama? Na mashine za umeme? Vidole vyako bado tunavihitaji. Waachie vijana kazi hiyo, nami nitakununulia mlango huku huku.

Nyumba ipo. Kuta zimesimama na michikichi ya Baba imekuwa mirefu mno. Kwa sasa nalala kwa Feliksi, aliyerudi mwaka jana kutoka kambi ya Ulyankulu, maana nyumba inahitaji kusafishwa kwanza. Kipimo nitakutumia, ila sina tepu. Tafadhali usiandikishe jina lako kwenye malori bado.

Jambo moja la kukuchekesha. Nikifungua mdomo sokoni wananiita Mtanzania, wanasema Kirundi changu kina vumbi la Ujiji. Na huko kwenu nilikuwa Mrundi tangu nizaliwe. Nacheka mbele yao, lakini nikirudi kwa Feliksi hainichekeshi.

Mwanao,
Nehemia


Kasingirima, Ujiji
19 Aprili 2009

Marahaba mwanangu,

Barua imefika ikinuka dagaa, nikaisoma mara mbili nimesimama. Nafurahi kifua kimepona. Wanaokuita Mtanzania waambie mama yako anakuja kuwasahihisha.

Ndiyo, nimeanza. Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge. Nguo yenyewe ilikuwa ugomvi wa kwanza. Fundi amepiga marufuku khanga na kila kinachoning'inia, mashine isije ikamvuta mtu. Nikavaa suruali ya marehemu baba yako. Inanibana kiunoni na inaniishia kwenye muundi. Akina mama wa kwaya wameniona nikipita, na naambiwa Jumapili hawakuongea lingine. Ella, binti mmoja wa darasani, amenisifu: "Bibi, umetoka chicha!" Sijui ni tusi au sifa, nikamwitikia asante.

Mashine ya kuchana mbao ni meza ya chuma yenye msumeno wa mviringo uliochomoza katikati. Siku ya kwanza ilipowashwa nilitoka nje. Si kwamba niliogopa kukatwa. Ile sauti iliniingia tumboni, nikajiona niko tena majanini na baba yako, tunasikiliza magari ya askari barabarani. Fundi aliizima, akasubiri nirudi, akaniambia niiwashe mimi mwenyewe. Mwanangu, sauti unayoiwasha kwa kidole chako si sawa na sauti inayokujia. Niliiwasha na kuizima mpaka vijana wakalalamika.

Unasema huna tepu. Kamba unayo? Simamisha kamba mlangoni, piga fundo juu na chini, mpe Anatoli hiyo kamba. Ya upana vivyo hivyo.

Mama yako,
Capitoline


Kasingirima, Ujiji
24 Mei 2009

Nehemia mwanangu,

Hujambo? U mzima kweli? Anatoli amerudi safari mbili mikono mitupu. Anasema alikuona ufukweni, ukamwambia huna cha kutuma, ukaondoka haraka. Kama ni malaria niambie. Kama ni mwanamke, niambie upesi zaidi.

Mimi situlii. Umeme wa Kigoma unaujua, unakatika tukiwa katikati ya ubao. Wenzangu wanakaa wanapiga soga. Mimi nazunguka meza, napanga misumari, naipangua. Ukirudi narukia mashine, na hapo ndipo nilipoharibu. Tumepewa randa ya umeme, ile inayolamba ubao na kutema maranda pembeni. Ina raha yake! Nilipita mara moja, ubao ukang'aa. Nikapita tena, na tena, nikiwaza kwa nini huandiki, na sikusimama mpaka Fundi aliponigusa bega. Ubao wa mninga wa inchi mbili ulikuwa umebaki mwembamba kama wa kufunikia chungu. Akauinua wote wauone. "Haraka haraka, mama," akasema, na wala hakumalizia.

Wenzangu wote wamekwisha kukata miti ya kazi zao. Mbao zangu zimeegemea ukutani zinanitazama. Jina nimeliandikisha, lori ni la mwezi wa nane. Usinikaripie, limekwisha kuandikwa.

Mwanangu, kipimo.

Mama yako,
Capitoline


Nyanza-Lac
11 Juni 2009

Shikamoo Mama,

Nisamehe, shughuli zilinibana. Mimi mzima, si malaria wala mwanamke.

Kipimo ni hiki: urefu futi saba, upana futi tatu. Nimepima mwenyewe jana, mlango wa mbele. Fremu ya zamani imeliwa na mchwa, kwa hiyo utengeneze na fremu.

Ila ungesubiri lori la mwakani, Mama. Barabara ya milimani inatikisa sana, na magoti yako unayajua.

Mwanao,
Nehemia


Kasingirima, Ujiji
20 Juni 2009

Nehemia,

Afya yako naijua, umeniambia. Yangu leo si nzuri.

Nilipoona futi saba nilicheka, nikamsomea Fundi. Halafu nikakaa chini, na unajua mimi sikai.

Baba yako Ntakarutimana hukumjua akiwa na nguvu. Ulimjua akiwa amelala kitandani, na mtu aliyelala hana urefu. Alikuwa mfupi, mwanangu, na hakutaka kuambiwa. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kabla ya kunioa, na mlango aliupima kwa kichwa chake, akaongeza vidole viwili. Ndugu zangu walipokuja kunitembelea walijigonga mmoja baada ya mwingine, naye akawaambia mlango ni mzuri, wao ndio wamezidi. Mimi niliinama kila nikiingia na kila nikitoka. Mtu aliyeingia nyumba ile hata mara moja hawezi kuandika futi saba. Angeanza na habari za paji lake la uso.

Hujaingia. Tangu mwezi wa pili uko huko na hujaingia. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe imekuishia kwangu.

Nyumba ina nini, Nehemia? Niambie mimi, nisije nikaambiwa na dereva wa lori.

Mama yako


Nyanza-Lac
5 Julai 2009

Shikamoo Mama yangu,

Sijui nikusalimie vipi. Mwili wangu mzima, moyo hapana.

Siku niliyofika kwa mara ya kwanza niliona moshi jikoni na nguo za watoto kwenye kamba. Niligeuka. Nyumba ina watu, Mama. Walipewa na serikali ya wakati ule, muda mfupi baada ya ninyi kukimbia. Nilikwenda kwenye tume ya ardhi, nikapanga foleni na wengine kama mimi, na mwezi wa tano wakaamua: shamba linagawanywa katikati. Nusu yenye nyumba inabaki kwao. Nusu yetu ni ile ya upande wa ziwa, michikichi na majani, hakuna hata ukuta. Nilishindwa kukuandikia hayo wewe unayeamka kila siku kwenda kujifunza kutengeneza mlango. Nikatunga namba, nikidhani mlango ni mlango.

Barua yako ilipofika nilikwenda moja kwa moja, kabla sijaishiwa ujasiri. Nikabisha hodi kwetu. Akafungua mama mmoja wa rika lako, anaitwa Manariyo, mjane. Akaniita mwanawe kwa Kirundi: "Ingia, mwananje." Nikaingia, nikajigonga paji la uso mpaka nikaona nyota. Akanishika mkono, akasema, "Pole, kila mgeni hujigonga hapo. Aliyeijenga alikuwa mfupi."

Nikamwambia, "Ni baba yangu."

Nilicheka, Mama, halafu nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya mtu nisiyemjua. Yeye akaleta maji, akakaa. Akaniambia aliletwa hapo akiwa bibi harusi, watoto wake wote amewazalia chumba cha nyuma, na hana kwingine kwa kwenda. Sikuweza kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo miezi yote, na sikuweza.

Sasa nakuomba ufute jina lako kwenye malori. Ubaki Ujiji. Mimi nitarudi tuendelee kama zamani. Hapa hakuna pa kutia mlango.

Mwanao,
Nehemia


Kasingirima, Ujiji
16 Agosti 2009

Mwanangu Nehemia,

Marahaba. Natumaini paji la uso limepoa. Mimi ni mzima, na kuchelewa kwangu kujibu kulikuwa hasira, si ugonjwa.

Nimelia, sitakuficha. Nililia kwa ajili ya chumba cha nyuma, kwa sababu nami nilizalia humo kaka yako ambaye hakuvuka nasi. Rozalia alikuja kukaa nami. Kwa wiki nzima sikwenda karakana, nikatembea mpaka Katubuka na kurudi, nikatembea tena, na kila nilikofika palikuwa si pangu. Nilikukasirikia wewe, nikaikasirikia tume, nikamkasirikia marehemu kwa kunidanganya habari za mavuno. Manariyo nilijaribu pia kumkasirikia. Ila mimi ningekuwa yeye, ningemfungulia mlango mtoto wa aliyeijenga? Mwambie namsalimu. Mwambie chumba kile kikivuja upande wa kusini, aweke udongo wa kichuguu, hushika.

Halafu nikavaa suruali nikarudi. Fundi Leodgar alikuwa amefunga karakana kwa chakula cha mchana. Nikamwambia, "Washa." Nikashika kijiti cha kusukumia ubao, nikachana mninga wangu bila kusimama na bila kutoka nje. Randa nilipita mara moja tu kila upande. Ndimi za kuungia mbao nikazichonga, matundu nikayatoboa kwa mashine ya kutobolea, nikavipachika na gundi, na Ella akanisaidia kubana. Fundi aliupiga mlango ngumi, akausikiliza, akasema ungekuwa wa kijana angemwajiri. Nikamwambia aniajiri basi, akaenda kula chakula chake.

Nimeukata futi saba. Umenisikia? Upana nimeuacha futi mbili na nusu, maana mbao hazikutosha, ule ubao nilioumaliza kwa randa bado naudaiwa na nafsi yangu. Lakini urefu ni futi saba kamili. Nilisimama mbele yake hapa uani, nikapita kwenye fremu, nikarudi, nikapita tena. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Nilimpenda baba yako, Mungu anajua, na kesho kutwa napitia kaburini kumuaga. Lakini shingo yangu ina umri wake sasa, na sitainama tena kuingia kwangu.

Usirudi Ujiji. Jina sijafuta. Lori linaondoka Jumanne, nami nimeruhusiwa kupakia mlango, fremu, godoro na sanduku la randa na misumeno ambayo Fundi kaniuzia kwa bei ya maneno yangu matamu. Mlango nimeuviringishia blanketi langu, kwa hiyo tuletee la Feliksi, usiku wa kwanza tutalala majanini. Nimewahi kulala majanini nikiogopa. Safari hii nitalala kwangu.

Nenda leo kwenye ile nusu yetu. Fyeka majani, chimba msingi, acha uwazi upande wa ziwa. Ukuta tutaujenga kuufuata mlango. Na nikifika nikakukuta umekaa, nitakuchapa mbele ya Manariyo.

Mama yako,
Capitoline