Nguo za Yaya Dédé Nimezitoa Mimi

Kisangani, Jumapili alasiri. Mvua imeanza watu wakiwa bado kanisani na haionyeshi dalili ya kuchoka. Sikwenda kusali. Nilimwambia Mama kichwa kinaniuma, naye hakuuliza zaidi, maana hata yeye hakwenda.

Sijaandika chochote hapa tangu kaka yangu alipofariki. Wanaopita ukurasa huu wanajua huwa naandika nini: kikundi chetu cha wasichana, vikao vyetu kwenye darasa la kuazima, kipindi chetu cha redio juu ya haki za wanawake, na matusi tunayopokea baada ya kipindi. Huwa naandika nikiwa na hasira na watu wengine. Leo hasira ninayo tele, ila kila ninakotaka kuielekeza lazima ipitie kwangu kwanza.

Nianze na yeye. Huku kwetu yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, na mimi nilikuwa na mmoja tu, Yaya Dédé. Alikuwa fundi wa injini za mashua. Mikono yake ilinuka mazuti, dizeli ya injini, hata siku ya Pasaka. Katika ukoo mzima ndiye peke yake aliyesikiliza kipindi chetu mwanzo hadi mwisho, kisha ananipigia simu kunicheka: "Madame Parité, leo umesema kweli, lakini umesema mbio sana." Jina hilo, Bibi Usawa, nimepewa na mtaa mzima kwa dharau. Kwake lilikuwa la mapenzi. Homa ilimshika, tukadhani ni malaria kama malaria zote, na kabla hatujazoea kumwona kitandani tukawa tunatafuta jeneza.

Ameacha mke, wifi yangu Solange, na watoto watatu. Solange ni mtu wa mto, kwao ni Yanonge. Anakausha samaki na kuwauza sokoni. Nyumba yao ya Simi-Simi waliijenga wote wawili. Hilo sikuambiwa, niliona. Matofali yalitoka kwenye injini za Yaya na mabati yalitoka kwenye samaki wa Solange. Waligombana wiki nzima juu ya dirisha la nyuma, Yaya akilitaka upande wa barabara, Solange upande wa jiko ili awaone watoto akiwa kwenye moshi wake. Solange alishinda, na Yaya akawa anawaonyesha wageni lile dirisha kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Nyumba hiyo sasa ina kufuli. Kufuli la Tonton Athanase.

Tonton ni kaka mkubwa wa marehemu baba yetu. Baba alifariki nikiwa bado mgongoni mwa Mama, simkumbuki hata sauti. Tonton ndiye aliyetusomesha, mimi na Yaya. Nilipokuwa wa kwanza darasani alinitembeza kwa rafiki zake wote, nyumba kwa nyumba, huku amenishika mkono. Nampenda. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na linanikera kuwa ni kweli.

Sikuwa mjinga kuhusu yanayokuja. Kikundini tumeshazungumza mara nyingi: matanga yakikaribia kwisha, lugha ya ukoo hubadilika, na mwanamke aliyeitwa mke wetu asubuhi huitwa mgeni jioni. Kwa hiyo nilijipanga. Nilikaa na Rachel, mwenzangu wa kikundi aliyesomea sheria, tukakubaliana kwamba sitaanzisha vita penye kilio. Nitafanya yote nitakayotumwa. Nitapika, nitapiga magoti, nitainamisha macho, asije mtu akasema Madame Parité hana adabu. Kisha wanaume watakapokaa kwenye kikao cha ukoo, nitaomba ruhusa kama dada wa marehemu na kusema taratibu kwamba sheria ya nchi inawalinda mjane na watoto wake. Nilijizoeza mbele ya kioo. Hata mahali pa kupumua nilikuwa nimepapanga.

Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ijumaa ilikuwa siku ya kumaliza matanga. Wanaume walikuwa chini ya turubai, sisi wanawake kwenye masufuria. Tonton akasimama, akaniita mbele ya watu wote. "Bon. Neema, weye njo dada ya marehemu. Ingia mu chumba, utoshe manguo yake yote, ulete hapa."

Katika ukoo wetu nguo za mwanamume aliyekufa hutolewa chumbani na dada yake, wala si mtu mwingine. Hilo nililijua. Nililidhani ni jambo la upole tu, kwamba mkono wa dada hauna haraka. Tena niseme ukweli wote: nilifurahi kidogo. Nilijiambia, tazama, kumbe ipo kazi moja wasiyoweza kuifanya bila mwanamke. Nikaona nikiifanya vizuri watanisikiliza kikaoni.

Solange alikuwa chumbani, amekaa chini kwenye mkeka kama wajane wanavyokalishwa, hasemi. Nilimtazama kumwomba ruhusa. Akainamisha uso, nami nikauchukua ule uso ulioinama kuwa ndiyo.

Nilitoa ovaroli lake la kazi. Nilitoa shati la harusi. Nilitoa jezi aliyokuwa hataki ifuliwe siku ya mechi. Ovaroli bado lilikuwa na harufu yake, nikaliweka usoni nikalia hadi kina mama nje wakaitikia. Kila nguo niliikunja vizuri kabla ya kuibeba. Mama alikuwa uani ameushika mkeka wa kuzipokelea, nami nikawa naingia na kutoka, naingia na kutoka. Mwisho nikatoa viatu.

Nilipoviweka chini tu, binamu yangu akasukuma mlango wa nyumba, akapachika kufuli. Solange walikuwa wameshamtoa kwa mlango wa jikoni, watoto wakiwa nyuma yake. Tonton akamwaga maji kidogo kizingitini. "Dada yake ameisha kutosha. Mutu yetu ametoka mu hii nyumba, donc nyumba imerudia kwetu."

Kumbe ndivyo ilivyo. Maadamu shati la mume linaning'inia, mume anahesabiwa yumo, na mke yuko kwake. Dada akishatoa kila kitu, mume ameondoka, na aliyebaki ndani ni mgeni asiye na mwenyeji. Sikuwahi kuelezwa. Mimi ni mtoto wa mjini, hesabu yangu ya mila ni kuimba kidogo na kula sana. Ila na mimi sikuwahi kuuliza. Naweza kukutajia sheria ya nchi kifungu kwa kifungu, na desturi ya nyumba ya baba yangu mwenyewe sikuijua.

Wazee wote pale uani walijua. Mama alijua.

Nilisema. Nataka ieleweke kwamba nilisema. Nilianza, "Tonton, sheria," na sauti ikatoka nyembamba. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Mwanangu, weye mwenyewe njo umetosha. Nani alikulazimisha?" Hakuna aliyecheka. Wanaume wakaanza kugawana mashati.

Solange alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akapita karibu yangu akielekea barabarani. Hakunitukana. Alisema polepole, kama anayeniambia habari ya mtu mwingine: "Nilijua batakuya. Sikujua kama ni weye njo batatuma."

Tangu hapo najaribu kujitetea kichwani na sifiki mbali. Ningejuaje? Mbona yeye hakunizuia? Halafu namkumbuka pale chini kwenye mkeka, mjane aliyekatazwa hata kusema, na mimi nikingoja yeye ndiye anikataze. Mara ngapi nimewaambia wanawake redioni, kataeni, semeni hapana, msiogope? Mkuki kwa nguruwe. Nikiwa na maikrofoni mbele yangu ni rahisi. Nilipoitwa mbele ya wajomba na baba zangu, nilishika njia na kuingia chumbani.

Jana nilikwenda kumwona. Amehifadhiwa kwa dada yake karibu na mto, chumba kimoja, watoto wa dada huyo pamoja na wake. Dada mtu alinisimamisha mlangoni muda mrefu, na nilistahili. Solange mwenyewe ndiye aliyenipa kiti. Binti yake mkubwa akaniuliza kama nimewaletea viatu vya shule, vimebaki ndani. Nilimwambia bado. Akaniangalia mikono, kuhakikisha.

Nikaeleza alichoniambia Rachel. Kuna wakili anayekisaidia kikundi chetu. Solange anaweza kushtaki, na sheria iko upande wake. Lakini Tonton ataleta ukoo mzima kuapa kwamba nyumba ilijengwa na Dédé peke yake, na kwamba mjane alitoka kwa hiari yake. Asipopatikana hata mtu mmoja wa ukoo wetu wa kusema vinginevyo, kesi itaburutwa mpaka watoto wawe wazee. Na mtu huyo ni mimi. Niliona mabati yakinunuliwa, niliona kufuli likipachikwa.

Solange alisikiliza akigeuza samaki kwenye wavu. Kisha akasema, "Miye niko tayari. Lakini weye, Neema, utafika? Ao utalia tena?"

Nilijibu nitafika. Hakusema asante, wala sikuitarajia.

Sasa nimerudi nyumbani, na nyumbani ni Mama. Siwezi kumwandika Mama kama adui. Amemzika mwanawe wa kiume juzijuzi tu, anatembea ndani ya nyumba akishika kuta. Nimebaki mimi peke yangu. Usiku wa matanga alilala ameushika mkono wangu kama vile na mimi ningeweza kuondoka. Nikisimama mbele ya hakimu dhidi ya Tonton, ukoo utamgeuzia mgongo yeye kwanza. Nani atakuja kukaa naye? Nani atamzika? Haya si maswali ya kudharau. Wenzangu kikundini wakisema mila ni mnyororo nakubali, lakini mnyororo huohuo ndio unaowaleta watu hamsini uani kwako siku unapofiwa.

Leo baada ya chakula tulikaa barazani tunachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja: wakili, kesi, ushahidi. Yaya angesema nimesema mbio.

Mama hakuinua kichwa. Akasema Tonton ndiye aliyetukuza, na mtu hamshtaki aliyemkuza. Kisha akaongeza: "Miye pia nilitoka mu nyumba ya papa yako, na weye ku mugongo. Sikukufa."

Nilikuwa najua hadithi hiyo kwa jina jingine. Tangu utotoni naambiwa kwamba baba alipofariki "tulihama". Nilijua tulihama kutoka nyumba yenye mti wa parachichi. Nilijua Tonton aliiuza, na kwamba shule yetu ilitoka humo. Lakini sikuwahi kumwona Mama katika hadithi hiyo akiwa barabarani, kijana kuliko mimi nilivyo leo, Yaya Dédé akiwa amemshika kitenge.

Nikauliza swali ambalo sikuwa nimelipanga mbele ya kioo chochote.

"Mama, manguo ya Papa, nani alitosha?"

Akaendelea kuchambua.

"Shangazi yako Veronika. Alilia sana ile siku. Alilia sawa vile weye ulilia."

"Na kisha?"

"Kisha akarudia kwake."

Nampenda sana Shangazi Veronika. Kila Noeli anamletea Mama kitenge kizuri kuliko anachovaa mwenyewe, na akifika hapa hakai kitini mpaka Mama amekaa. Nilikuwa nasema ni moyo wake mwema. Miaka yote hii analipa na hajamaliza, na Mama anavipokea vitenge, anavikunja, anaviweka kabatini. Hajawahi kushona hata kimoja.

Sitaki kumletea Solange vitenge.

Nimemwandikia Rachel kwamba kesho nitakuwa naye kwa wakili, na nitasema yote, pamoja na habari ya mkono uliotoa nguo. Naogopa. Naliandika hilo pia, ili msichana atakayenisoma asidhani tunaoongea redioni tumeumbwa kwa chuma. Naogopa uso wa Tonton, na zaidi naogopa kwamba nitaendelea kumpenda hata baada ya kesi, naye hatanipenda tena.

Mvua haijakata. Mama ameshamaliza sombe, amejifuta mikono, amesimama mlangoni akiitazama njia ilivyogeuka matope. Sasa hivi ameniuliza, bila kugeuka, kesho natoka mapema kiasi gani.

Nimemwambia. Ameitikia kwa kichwa na kuingia chumbani kwake. Sijui kama anataka kuamka kabla yangu ili aufunge mlango, au ili avae viatu tuongozane.

Kwa vyovyote, nitatoka.