Maji Aliyonipikia Mama Achieng'

Ijumaa, alasiri. Mvua ilianza saa sita na sasa imekoma ghafla, kama mtu aliyekatizwa usemi. Mabati bado yanadondosha matone. Ninaandika mezani pangu hapa mtaani Manyatta, Kisumu, shati la kesho likiwa limetundikwa mlangoni, na moyo wangu hautulii.

Kesho tunamzika Mama Achieng', jirani yangu wa miaka mingi, nyumbani kwao upande wa Muhoroni. Jina langu limo katika ratiba: nitatoa neno kwa niaba ya majirani. Heshima hiyo nimeipokea kwa mikono miwili.

Lakini asubuhi Achieng', kifungua mimba wa marehemu, alinipigia simu. Yeye ni mwalimu mkuu, na kanisani ni mtu wa kutegemewa. Alizungumza kwa adabu, kama ilivyo desturi yake.

"Baba, sema tu alikuwa jirani mwema. Askofu atakuwepo. Yale mambo ya pipa, tafadhali, tuyaache huko Manyatta."

Nilimjibu, "Nimekusikia, mwalimu." Kwa miaka mingi nimewaandikia wenzangu maombi ya kila namna, kwa chifu, kwa manispaa, kwa wakuu wa shule. Ninafahamu fika kwamba kusikia si kukubali.

Pipa ni pipa la chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Mama Achieng' alipika chang'aa, na mtaa mzima unajua. Nikiliondoa pipa katika maelezo yangu, ninabaki na nini?

Maana mimi na yeye tulijuana kwa sababu ya pipa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha samaki kando ya ziwa, mahali ambapo mbuta walikatwa minofu, wakagandishwa, wakapelekwa ng'ambo. Ndani ya chumba cha baridi gari la dizeli halikuruhusiwa, kwa kuwa moshi huingia katika minofu, na mnunuzi wa mbali hanusi mara mbili. Kwa sababu hiyo kiwanda kilinunua foklifti moja ya umeme, gari la kunyanyulia mizigo, yenye betri kubwa mfano wa kabati lililolazwa. Nikakabidhiwa niitunze.

Elimu yangu ilikomea darasa la saba. Ufundi niliuokota karakana, na Kiswahili nikakiokota katika kamusi na katika taarifa za habari za redio. Hata hivyo niliona haifai mtu anayetunza mtambo wa namna ile kuitwa kibarua. Nilimwomba Meneja anitambue kuwa Fundi Sanifu wa Magari ya Umeme. Meneja wetu, Bwana Kantilal, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu, alinisikiliza huku akikuna kidevu.

"Fundi, mimi sitaki jina ndefu. Nataka samaki iingie lori."

Odongo, dereva wa foklifti, hakuniacha nipumue. "Magari ya Umeme! Omera, magari iko wapi? Mimi naona moja tu."

Nilimfafanulia kwamba wingi huo ulikuwa wa kutazamia mbele. Alicheka hadi akaegemea usukani.

Ninachokikumbuka zaidi ni ukimya wa gari lile. Lilimjia mtu kwa nyuma kama paka. Wanawake waliokata minofu walilipa jina la Nyawawa, yale mapepo yasemekanayo kupita yakitokea ziwani, na kila lilipokaribia waligonga makarai kwa visu, kama watu wayafukuzavyo mapepo hayo. Kelele hiyo ndiyo iliyokuwa honi yetu. Nimesikia honi nyingi tangu wakati ule, lakini hakuna iliyonifurahisha kama makarai ya wanawake wale.

Sasa, betri za zama zile zilikuwa na kiu. Kila zilipochajiwa, maji yaliyomo yalipungua, na bamba za madini ya risasi zilizo ndani zikibaki wazi huharibika. Ilipasa ziongezwe maji, wala si maji yoyote, bali maji yatokanayo na mvuke, yasiyo na chumvi wala kutu. Wenye maduka huyaita maji ya betri. Ya kwetu yalitoka Nairobi kwa gari moshi. Msimu mmoja hayakuja. Tukangoja, yasije.

Mvua nayo ilikuwa imekataa, na hata ingenyesha, mabati ya karakana yalikuwa mekundu kwa kutu. Odongo alisimama mlangoni akanionyesha kwa kidole. "Fundi, ziwa ndiyo hiyo. Maji ni maji."

Nikakifunga kifuniko cha betri kwa kufuli, kwa kuwa nilimjua.

Siku ya Ijumaa Meneja alinijia. Lori la kupeleka samaki uwanja wa ndege lingefika Jumatatu. Hakupandisha sauti. "Hii kitu ikikataa Jumatatu, naiuza. Na wewe utarudi kubeba barafu."

Nilikuwa nimebeba barafu kabla ya hapo. Ninajua inavyoingia katika mifupa ya vidole na kukaa humo.

Nilirudi nyumbani nikipitia nyuma ya ua wa Mama Achieng'. Kila siku nilipita hapo nikitazama mbele, pua nimeiziba, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwaya. Siku hiyo nilisikia tone. Kisha tone jingine. Nikasimama. Pombe ilikuwa ikichemka ndani ya pipa, mvuke ukapanda, ukagusa sufuria ya maji baridi iliyowekwa juu, ukageuka matone, ukadondokea bakuli lililoning'inizwa ndani. Ulikuwa ndio utaratibu niliousoma katika kitabu cha betri, ila kitabu hakikuwa na harufu.

Nilivua kofia nikaingia. "Mama," nikasema, "nimefika mbele yako kwa unyenyekevu, kuwasilisha haja yangu ya kutengenezewa maji yatokanayo na mvuke."

Aliacha kuchochea moto. "Hiyo ni ombi ama ni mahubiri?"

Nikarudia kwa maneno mafupi: betri ya gari la kiwandani ilikuwa na kiu.

"Maji? Unataka nikupikie maji?" Akawaita majirani waje wasikie. "Yawa! Huyu anapitanga hapa na pua juu, leo anataka maji ya kupika! Na hiyo gari yako inakunywa kushinda marehemu mzee wangu?"

Nilingoja kicheko kiishe. Kilichukua muda. Alipokimaliza alikuwa ameshakubali, na maswali yake yakawa ya kazi: bakuli la namna gani, maji kiasi gani, yaiveje. Nikamwambia bakuli lisiwe la chuma, na pipa lisuguliwe hadi harufu iishe. Jumamosi asubuhi nilimwacha akilisugua kwa mchanga na majivu, mikono nyeusi hadi viwikoni, nami nikaenda kazini nikiimba.

Niliporudi mchana nilikuta pipa limelala ubavu, limetobolewa kwa shoka. Askari wa chifu walikuwa wamepita. Udongo ulikuwa umelowa maji yangu.

Nilikwenda kambini kwa chifu bila kubadili nguo za kazi. Nilimkuta Mama Achieng' ameketi chini pamoja na wanawake wengine, mikono juu ya magoti. Walikuwa wamemuuliza anapika nini, akajibu maji, wakamcheka. Walipomuuliza ni maji ya nani, akanyamaza. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hakutaka mtu wa kwaya aitwe kambini kwa ajili ya pipa.

Nilisimama wima mbele ya chifu. "Mheshimiwa, kioevu kilichokamatwa si kileo. Ni maji yatokanayo na mvuke, yaliyotengenezwa kwa ombi langu, kwa matumizi ya gari la umeme, ambalo mimi ndimi fundi sanifu wake." Sauti ilinitetemeka katika neno "sanifu", kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenipa cheo hicho bado.

Chifu akaagiza chupa iliyochukuliwa iletwe. Askari mmoja akaionja, akakunja uso kama aliyedhulumiwa. "Mkubwa, hii haina kitu ndani."

Chifu akageuka akatazama nje, kule ziwani. "Ziwa lote hili," akasema, "mtu anapika maji?"

Kambi nzima ikaangua kicheko, mahabusu na askari pamoja. Mama Achieng' peke yake hakucheka. Aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Chifu, leo ndiyo mara ya kwanza nashikwa bila makosa. Zile siku zingine sisemi kitu. Lakini leo sema pole."

Chifu akasema pole. Sijapata kusikia tena chifu akiitamka.

Jumapili aliazima pipa la jirani, akalisugua, akapika upya. Hakwenda kanisani. Wala mimi sikwenda, na kwaya ikakosa besi. Tuliketi pande mbili za moto tukisikiliza matone, naye akanifundisha kupunguza kuni, kwa kuwa moto wa haraka hupeleka mvuke bure. Kabla ya jua kuzama betri kule kiwandani ilikuwa imekunywa, nikaiweka kwenye chaji.

Jumatatu Odongo akakanyaga. Gari likaondoka bila sauti. Makarai yakalia chumba kizima, na samaki wakaingia lori.

Meneja alipita nyuma yangu mikono mfukoni. "Sawa, Fundi Sanifu."

Hakuliandika popote. Lilinitosha.

Maji ya Nairobi yalikuja hatimaye, lakini miaka ya tisini yote niliendelea kuchukua ya Mama Achieng'. Mara mojamoja yalibeba harufu ya molasi. Nikayarudisha, akanitukana kwa Kijaluo, akapika mengine. Kiwanda kikafungwa, foklifti ikauzwa kama vyuma chakavu. Yeye aliliacha pipa Achieng' alipoajiriwa ualimu. Asichokiacha ni salamu yake. Kila nilipopita, huku gari lenyewe halipo tena, aliniita kutoka ndani: "Fundi, gari inasikia kiu?"

Nami nilimjibu, "Haijambo, Mama, imekunywa."

Wiki hii hakuna aliyeniuliza.

Leo, kabla ya mvua, nilikuwa nikitoka kuchukua shati kwa fundi cherehani, pikipiki ikanipita bila sauti hata nikarukia mtaroni. Ya umeme. Mwendeshaji akasimama. "Pole, mzee." Badala ya kumkaripia nilimuuliza betri yake inakunywa maji gani.

"Betri ya kunywa maji? Mzee, hii inakula chaji tu."

Akaja mwingine nyuma yake, kimya vilevile, kisha mwingine. Odongo, omera, wingi umefika. Nikageuka kwa furaha nikapitie ua wa Mama Achieng' nimweleze. Nilikuwa nimeshashika lango nilipokumbuka.

Hapa nimeacha kuandika kwa kitambo, nikampigia Achieng' simu. Sasa ninaendelea.

Nimemsomea sentensi niliyoitunga kwa uangalifu: "Marehemu alinipikia maji, na kwa maji hayo nikawa fundi." Nimemwambia kwamba neno pipa halimo, lakini kwamba sitaki kumdanganya, limejificha humo humo. Nikadhani nimemuudhi, nikaanza kuandaa maneno ya kuomba radhi.

Kisha nikasikia kicheko. Kicheko cha mama yake kabisa, kile cha siku aliyoniuliza kama ni ombi ama mahubiri.

"Ziwa lote hili, Baba," akasema, "mtu anapika maji?"

Sikujua kwamba alikuwa akikijua kisa kile. Alipotulia, sauti yake ilikuwa imelowa kidogo.

"Sema yote. Na pipa pia. Lakini anza na maji."

Jua limetoka. Mabati yamenyamaza. Nitapiga pasi shati, nilale mapema, kwa maana Muhoroni ni mbali kwa miguu yangu ya sasa.

Kesho nitaanza na maji.