Kidole Kilichopimwa

Mkongo, Alhamisi

Mpwa wangu Sabra,

Salamu zikufikie huko Mbagala. Sisi tunajikongoja. Mpunga umetoa masuke, na juzi nilimkaripia kiboko mpaka akarudi mtoni mwenyewe, uliza yeyote.

Mkaza mjomba wako Hafsa amelazwa siku ya tano, malaria, ila leo amekunywa uji. Wiki iliyopita Vicky, mhudumu wa afya, alipita mashambani na vile vipimo vidogo vya kutoboa kidole. Hafsa alikuwa na homa, yuko juu ya dungu anafukuza ndege. Sikutaka ashuke, ndege wangetumaliza. Nikamwambia Vicky mwenye homa ni mimi, nikatoa kidole changu, nikidhani nitapewa dawa nimpelekee. Kipimo kikasema sina malaria, dawa nikakosa. Hafsa alipoanguka, watu wakaniuliza. Nikajibu, "Si alipimwa! Kipimo kile ni cha uongo."

Unanijua nikisimulia. Kijiji kizima kimeamini.

Leo asubuhi jirani yetu Biasha kamfukuza Vicky mlangoni. "Nipishe na kidude chako! Unataka kumuua mwanangu kama ulivyotaka kumuua Hafsa?" Na kitoto chake kinaungua homa tangu jana. Mimi nilikuwa uani nasikia, nikaingia ndani kukuandikia.

Nimechoka, mpwa wangu. Soga zangu zote hazijawahi kumuumiza mtu.

Barua naiacha hapa. Naenda kwa Biasha kumwambia kidole kilikuwa changu, kisha nimkimbilie Vicky kabla hajafika mbali. Watanicheka mpaka Ikwiriri. Wacheke.

Mjomba wako,
Iddy