Taa ya Chini Ndiyo Inayowaka

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: ajali ya lori na baiskeli, makutano ya benki ya zamani
Jina: limehifadhiwa jaladani. Mtaani anaitwa Mama Pindo
Umri: miaka 51
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha magodoro
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 19 mwezi wa sita, saa nne asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Afande ameniambia niseme ninayoyajua na niache ninayoyadhani. Nitajitahidi, ila niliyoyadhani ndiyo yaliyonifanya nitende niliyotenda, kwa hiyo nayo itabidi yaandikwe.

Dereva aliyeko mahabusu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Anasema alivuka makutano taa ikiwa ya kijani. Mwendesha baiskeli, ambaye amelazwa na mguu uliovunjika, anasema ilikuwa nyekundu. Mimi sikuwepo. Nimekuja kueleza habari za picha mbili, moja niliyoiharibu na moja niliyoileta.

Mume wangu ni mpima ardhi mstaafu. Anakusanya kamera za zamani zinazotumia filamu. Anazo kumi na moja, na zinakaa kwenye kabati la kioo sebuleni, mahali palipokuwa na sahani zangu za harusi. Sahani zilihamia uvunguni mwa kitanda na hakuna aliyezililia ila mimi. Kamera hizo hazijitafutii fokasi. Mtu anazungusha pete ya lenzi kwa vidole mpaka anachokitazama kitoke kikali. Mume wangu huizungusha polepole huku amebana pumzi. Kwa miaka ishirini na sita nimemwona akibana pumzi kwa ajili ya milango yenye kutu na paka wa jirani.

Mwaka jana mwezi wa tisa alipata mwenzake. Ni mwanamke mjane anayetengeneza saa, duka lake liko kando ya posta, watu humwita Mama Saa. Naye ana kamera za namna hiyo. Aliifungua lenzi ya mume wangu iliyokuwa imeota kuvu ndani, akaisafisha kioo baada ya kioo, akairudishia kama ilivyokuwa. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hatukunywa chai bila yeye kutajwa. Kila Jumamosi asubuhi wakawa wanatoka kwenda kupiga picha.

Nasema wazi kwamba nilikuwa na wivu. Si ule wa kutaniana. Ni ule unaomfanya fundi aliyeshona miaka thelathini ashone mkono wa kushoto upande wa kulia, na nilifanya hivyo, kwenye suti ya mchungaji. Mwezi wa pili nilimwambia mume wangu sitaki kulisikia tena jina la huyo mama ndani ya nyumba yangu. Akaacha kulitaja. Kutoka hakuacha.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa tatu asubuhi, mume wangu alitoka na kamera moja. Mimi nilibaki na cherehani yangu barazani. Saa tano kasorobo alikuja mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, kuchukua sketi yake. Aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, kisha akasema, "Mumeo nimemwona kule benki ya zamani. Yuko na yule mama wa saa, wanapigana picha." Nikamuuliza wanapigana vipi. Akasema, "Yule mama kasimama ukutani, mumeo kapiga goti. Goti kabisa, Mama Pindo." Alicheka. Mimi pia nilicheka, nikampunguzia bei bila kuombwa.

Mume wangu alirudi saa sita kasoro dakika kumi. Shati lake lilikuwa na damu kwenye mkono wa kulia. Sikumuuliza damu ni ya nani. Nilimuuliza, "Ulikuwa na nani?" Alinitazama kidogo, akasema kuna mtu kagongwa, wamemsaidia kumpandisha kwenye gari la hospitali, na kwamba anakwenda kuoga. Dereva mume wangu hakumwona, maana watu walikuwa wamelizunguka lori, na lori lenyewe lilikuwa geni kwake. Mdogo wangu alikuwa amepewa lori hilo Alhamisi ya wiki hiyo hiyo na mwajiri wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kamera aliiacha mezani. Kidirisha cha hesabu kilionyesha ishirini na saba, ikimaanisha kwamba filamu ya picha thelathini na sita ilikuwa bado imo, haijarudishwa kwenye kopo lake. Najua mambo hayo kwa sababu mtu akiishi na mganga huyajua hata majina ya mizizi. Nilisikia maji yakimwagika bafuni. Nikakivuta juu kile kirungu cha pembeni, mlango wa nyuma wa kamera ukafunguka. Niliibeba mpaka dirishani, nikaielekeza juani, nikahesabu hadi ishirini. Filamu ikipigwa na mwanga, picha zake huungua, nami nilitaka huyo mwanamke aungue, yeye na ukuta aliosimama. Nikaufunga mlango, nikairudisha kamera mezani ikitazama upande uleule. Nilijisikia vizuri. Naomba na hilo liandikwe, kwa sababu nilijisikia vizuri kwa muda wa saa moja na zaidi.

Saa saba na dakika kumi simu iliita. Alikuwa mdogo wangu. Alisema, "Dada, nipo polisi, nimemgonga mtu wa baiskeli pale benki ya zamani. Taa ilikuwa ya kijani, naapa, lakini nani ataniamini?" Nilirudia maneno hayo kwa sauti, mume wangu akanisikia, akainuka kwenye kiti. Alisema, "Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya makutano. Nimelipiga lile lori likiingia, na taa yake imo kwenye picha. Ninayo." Aliishika kamera kwa mikono miwili akaipeleka chumbani, akaiweka kwenye droo ya nguo zake, akafunga kwa ufunguo. Mimi niliketi. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, sikusema.

Jumapili alasiri alizipiga zile picha tisa zilizobaki, akaisafisha filamu mwenyewe bafuni. Alipoitoa na kuitundika aliniita. Filamu ilikuwa nyeusi tii tangu picha ya kumi na mbili mpaka ya ishirini na nane. Picha ya lori haikuwepo. Zile kumi na moja za mwanzo zilikuwa nzima, maana filamu hujizungusha ndani ya kamera, na zilizotangulia hufunikwa na zinazofuata, kwa hiyo mwanga haukuzifikia. Nilizitazama moja moja kwenye balbu. Tisa zilikuwa za Mama Saa. Mama Saa mezani kwake, Mama Saa ukutani, vidole vya Mama Saa. Nilichotaka kukichoma ndicho kilichobaki, nikawa nimemchoma ndugu yangu.

Mbili zilikuwa zangu. Zilipigwa Ijumaa, nipo kwenye cherehani, nami sikujua. Katika zote mbili mimi ni ukungu wenye kichwa. Mama Saa alitoka mkali mpaka kope.

Mume wangu alidhani kosa ni lake. Alisema sponji inayoziba mwanga kwenye mlango wa kamera imechakaa, na kwamba alijua tangu mwaka juzi akawa anaahirisha kuibadilisha. Jumatatu alikuja hapa kituoni akaandikisha hivyo, na maelezo yake nadhani yamo jaladani. Hayo maelezo si ya kweli, ila yeye hakusema uongo. Mwongo ni mimi niliyenyamaza.

Jumanne alikwenda kwa mama yangu kumwomba radhi. Nilikuwepo. Alikunja kofia mkononi akasema, "Mama, kijana wako angetoka leo, uzembe wangu ndio umemfunga." Mama yangu ana miaka sabini na nane. Alimwambia, "Baba, usijiumize, vyombo vya zamani ndivyo vilivyo." Nilikuwa nikiwamiminia chai. Niliimwagia sahanini. Usiku ule sikupata usingizi, na nilipokuwa najigeuza kitandani nilikumbuka kitu. Katika picha zile tisa, karibu kila moja, Mama Saa alikuwa na kamera shingoni.

Jumatano, yaani jana, saa tatu na nusu asubuhi nilikwenda dukani kwake. Ni chumba chembamba chenye meza, taa moja, na saa za ukutani ambazo hakuna mbili zinazokubaliana. Alikuwa na kile kikombe cheusi cha kukuzia jichoni. Alikitoa, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Nilimuuliza, "Una nini na mume wangu?"

Akasema, "Nina lenzi yake moja, na yeye ana zangu mbili. Zaidi ya hapo, muulize mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, yakanipotea. Nikamweleza nilichokifanya na kamera. Ndiye mtu wa kwanza kumweleza, na hilo linaniuma mpaka sasa. Hakunisimanga. Alisema yeye alijua mume wangu ameipata ile picha, akadhani mambo yamekwisha. Nikamuuliza kama naye alipiga chochote wakati ule. Akafikiri. Akasema, "Lori sikulipiga. Nilimpiga yeye. Alipobofya tu aligeuka kuniambia ameipata, nikambofya. Hakujua hata, lori lilikuwa na kelele. Kilichokuwa nyuma yake sikukitazama."

Kamera yake ilikuwa kwenye rafu, filamu ingali ndani. Nilimwambia aitoe mara moja. Aliitazama hesabu, akasema zimebaki tano, na kwamba tangu aanze hajawahi kutupa hata moja. "Kaa hapo dirishani, dada. Ni dakika mbili." Ndugu yangu yuko ndani siku ya tano, na mtu ananiambia habari za picha tano. Lakini shida ilikuwa yangu, nikakaa.

Alinielekezea lenzi, akaanza kuzungusha pete. Nikainua mkono kujitengeneza kilemba. Akasubiri. Nikakunja kanga, nikatazama mlango. Akasubiri tena. Akasema, "Mumeo anasema hukai ukatulia. Kila akikaribia kukupata, unainuka kwenda kutazama chungu." Nilimwambia chungu hakijitazami chenyewe. Akasema, "Sawa. Sasa hivi hakuna chungu." Nikatulia. Alibana pumzi kama mume wangu anavyobana. Akapiga zote tano, kisha akairudisha filamu kwenye kopo, akaweka kibao cha KUMEFUNGWA mlangoni, akaingia nayo chumba cha nyuma. Nilimsubiri nje kwenye ngazi mpaka saa nane na nusu, isije ikasemwa nimefungua mlango mwingine.

Picha aliyonipa ndiyo hii niliyoikabidhi kwa afande, pamoja na filamu yenyewe ambayo haijakatwa. Ni ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi ya taa haionekani. Lakini taa za makutano yale zimepangwa nyekundu juu, ya njano katikati, ya kijani chini. Kwenye picha inayowaka ni ya chini. Magurudumu ya mbele ya lori yameshaupita mstari, namba ya nyuma inasomeka, na saa ya benki inaonyesha saa nne na dakika ishirini na mbili. Nimeambiwa saa hiyo inalingana na iliyoandikwa na askari wa barabarani.

Afande ameniuliza kama ninamtambua mwanamume anayeonekana mbele ya picha, kwa kuwa bila kumtambua haitajulikana ni nani alisimama pale na lini. Ninamtambua. Ni mume wangu. Shati ni lile lililoingia damu baadaye, nililishona mimi, na kifungo cha pili kutoka juu nilikibadilisha mwezi wa nne. Amegeuza kichwa kumtazama aliyeshika kamera, na anacheka. Afande ameniuliza kama nina hakika, kwa sababu nilikawia kujibu. Nilikawia kwa sababu nimeishi naye miaka ishirini na sita na uso huo sijawahi kuuona. Nilitamani kuwe na picha yenye taa bila uso. Haipo, ni moja tu, na ndugu yangu anaihitaji.

Bado sijamwambia mume wangu. Nikitoka hapa nitamwambia, na baada ya hapo nitamuuliza nilichoambiwa nimuulize.

Niliyoyaona, niliyoyafanya na niliyoyanyamazia ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa yangu, na nimetia sahihi kwa hiari.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa nami kwa mkono, kurasa sita. Shahidi ameonywa kuhusu kuharibu kitu kinachoweza kuwa ushahidi, ameelewa. Picha na filamu vimepokewa kama kielelezo namba 3. Mkuu wa usalama barabarani amekiona kielelezo, na ameagiza dereva aachiwe kwa dhamana leo hii. Shahidi amesubiri kwenye benchi la nje. Dereva ametoka saa saba na robo, wameondoka pamoja.

Nyongeza: Kwenye filamu, baada ya picha ya makutano, zimo picha tano za shahidi akiwa amekaa dirishani. Zote ni kali. Nilimweleza kwamba hizo hazihusiani na shauri na anaweza kuomba nakala. Alisema hazihitaji. Aliomba aonyeshwe tena ile ya mume wake, akaruhusiwa.