Baba, Uzi Ulikuwa Mkononi Mwangu

Mpendwa Baba,

Nilipofika kisiwani kwetu Amu ulikuwa umeshazikwa. Usidhani nilichelewa kwa kutojali. Njia ya bara siku hizi ni ya hofu, magari hayaondoki mpaka wapatikane askari wa kuyasindikiza kwa ajili ya mashifta, wale majambazi wa njiani, nasi abiria tunangoja tu. Sasa nimerudi Mombasa. Watoto wamelala, mama mkwe ametoka, nami nimekaa kukuandikia barua ambayo hakuna posta ya kuipeleka. Ulizoea kusema nina ulimi mrefu. Leo vumilia, maana huwezi kunikatiza.

Nianze na mazuri, nisije nikaonekana nimekuja kugomba tu. Nilikuwa bado na meno ya utoto uliponiwekea fidla begani. Mama akasema, "Mwana wa kike na fidla, wapi na wapi?" Ukamjibu kwamba masikio hayana uke wala ume. Kila alasiri ulikaa nyuma yangu, mkono wako juu ya wangu, tukivuta upinde pamoja mpaka sauti itoke bila kukwaruza. Nikikosea ulinipuliza shingoni, nami nikicheka upinde unaruka. Kisha nikavunja ungo, nikawekwa ndani kama wasichana wote wa rika langu. Fidla ikatundikwa ukutani, nikapewa kofia za kudarizi.

Ndipo ulipoanza kuwafundisha wale vijana wanne. Mji ulikuwa na vikundi vya taarabu, lakini wewe hukutaka kikundi. Ulitaka wanne tu, wa nyuzi tupu. Shee na Athmani walipiga fidla, Kombo wa Matondoni akapiga udi, na Josefu, mtoto wa karani aliyetoka bara, akapewa selo, ile fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Hapakuwa na mwimbaji wala ngoma. "Ngoma huficha uvivu," uliwaambia, na hata kugonga mguu ukawakataza. Ulitaka kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake kabla ya kuteremsha upinde. Josefu, aliyezoea kwaya ya kanisani kwao, alikuuliza, "Mwalimu, sasa nani anatuanzisha?" Ukamwambia hakuna wa kuwaanzisha, na asiyeweza kuanza na wenziwe bila kuhesabiwa aende akapige peke yake ufuoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kofia yangu, nikisikia kila kitu, na vidole vikiniwasha.

Kisha ikaja ile homa. Ulimezeshwa kwinini, ile dawa chungu ya malaria izibayo masikio, na ulipoinuka kitandani hukusikia tena ila neno la kusemewa sikioni. Ulificha. Mama alidhani umeingiwa na kiburi, kumbe humsikii. Mimi nilijua kwa sababu Shee alipiga juu ya sauti iliyotakiwa alasiri nzima, nawe ukawa unatikisa kichwa kwa kuridhika.

Walipokwenda zao nilikusogelea sikioni. "Baba, Shee alikuwa yuu sana yeo." Ukanitazama, kisha ukalia. Sikuwahi kukuona ukilia, hata Babu alipokufa.

"Rukia mwanangu, wakiyuwa hawatakuya tena. Na wasipokuya, mimi ni nini?"

Wazo la uzi lilikuwa langu. Ulikuwa uzi wa kofia, mweupe, mwembamba, uliopita chini ya pazia na chini ya mkeka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wako, ukafunikwa na kanzu. Mvuto mmoja ulikuwa wa Shee, miwili wa Athmani, mitatu wa Kombo, minne wa Josefu. Nikivuta ghafla, mtu amekosea sauti. Nikivuta taratibu na kushikilia, anawakimbia wenzake. Nilikwambia nani, macho yako yakakwambia wapi, maana hakuna kidole kilichoteleza usikione. "Athmani! Kidole cha tatu!" Na Athmani angeinama kwa haya, nami nyuma ya pazia nikitabasamu peke yangu.

Hiyo ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote, Baba. Naisema waziwazi. Sikuwa nimeketi nikingoja mume. Nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe nilikuwa naiweza.

Utakumbuka siku ya paka. Yule paka wa Mama aliingia akauona uzi ukicheza, akaurukia, akauvuta vile paka avutavyo, mara tatu. Nawe ukamgeukia Kombo, ukamkaripia kwa ukali kuwa ameharibu kila kitu, na Kombo wa watu alikuwa bado anakaza nyuzi, hajapiga hata moja. Kisha Kombo akasema, "Nisamehe, Mwalimu. Nitaanda tena." Mimi nilijiuma mkono nisicheke. Tulipobaki wawili nilikueleza, ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Wakawa hodari. Mwaka ule walipopiga kwenye harusi ya mtaa wa pili, watu waliacha kutafuna. Mimi nilikuwa juu na wanawake, na bibi mmoja akanipiga paja akasema, "Babako ana masikio!" Nikasema alhamdulillahi. Nililimeza neno la kwamba masikio yale ni yangu, likakaa kifuani mpaka leo.

Halafu ikaja posa kutoka Mombasa. Mtu mwema, jamaa, mwenye duka, hakuna la kumkatalia. Nilikuuliza, "Baba, na uzi?" Ukasema kila mwana wa kike huolewa. Sikubishana. Nilikuomba kitu kimoja tu, nacho hakikuwa cha dhahabu. Nilikuomba, kabla sijaondoka, uwaambie wale vijana ni nani aliyekuwa akiwasikiliza. Wao wanne tu, si mji mzima. Ukasema inshallah, kama asemavyo mtu anayetaka kufunga mlango bila kuubamiza. Nikaolewa, nikaondoka, na hukusema.

Baadaye Mama akaniletea habari. Vijana hawaji tena. Unakaa barazani kila alasiri na udi wa mazoezi, nyuzi zimelegea, unapiga na hujui unapiga nini. Wapita njia wanaharakisha. Watoto wanakuigiza. Chakula unakisogeza pembeni. Nililia mpaka mume wangu akauliza ni nani kafa. Niliwalaani wale wanne, Baba, kila mmoja kwa jina lake. Nilisema hawana shukrani, wamekunywa maji ya kisima wakakitemea mate.

Shee alikuja kutupa pole matangani. Amekuwa mtu mzima, sauti yake imenenepa. Alikaa upande wake wa pazia, nami upande wangu. Alipomaliza kuomba dua akasema, "Bi Rukia, nataka radhi. Sisi twaliyuwa. Tangu siku ya paka, tulipouona uzi, twaliyuwa ni weye."

Nikamwuliza, kwa ukali ule unaoujua, mbona basi walikuacha.

"Hatukumwata," akasema. "Ulipokwenda zako twalikuya, tukapiga, naye akatikisa kitwa tu. Tukavumilia. Kisha mimi ndiye niliyemwambia sikioni, 'Mwalimu, twayuwa ni Bi Rukia. Twakuomba umwandikie, akiya kuwatembelea atusikilize papo hapo nyuma ya pazia, nawe ukae nasi kama kawaida. Hatutamwambia mtu.' Akasimama. Akasema, 'Mwanangu hayui lolote la muziki. Mumekuya kunivundia yina langu na lake. Tokani.' Tukarudi mara ya pili, akatufungia mlango."

Basi hawakukuacha. Uliwafukuza. Alasiri zote zile za baraza, nyuzi zile zilizolegea, watoto wale wakikuigiza, hayo yote uliyachagua wewe mwenyewe ili usiseme kwamba binti yako anajua kitu.

Najua utakavyojitetea. Mtu angesikia kwamba msichana aliyewekwa ndani anawafundisha vijana wa kiume, mmoja wao Mkristo wa bara, jina langu lingetapakaa kutoka mtaa wa Mkomani hadi wa Langoni, na huyo mume asingepatikana. Ni kweli. Nimejiambia hivyo tangu nirudi, nikipika, nikifua, nikiwaogesha watoto. Ulinilinda. Lakini Shee alipokuja kwako nilikuwa nimeshaolewa, Baba. Posa haikuwapo tena ya kuharibika. Na wale wanne walikuwa wamejua miaka yote, na hata mmoja hakufungua mdomo, si kwangu, si kwako, si kwa mama zao. Jina langu lilikaa salama kwao kuliko kwako.

Nilimwuliza Shee kama bado anapiga. Akasema fidla ameigawa. Kombo yuko kwao Matondoni anapasua mbao za majahazi, Athmani hataki hata kuzungumzia habari hizo, na Josefu alirudi bara babake alipohamishwa kazi, selo ikabaki kwenye nyumba ya serikali, haijulikani iko wapi. Vijana waliojua kuanza pamoja bila kuhesabiwa. Sijui kama nitasikia tena kitu kile katika maisha yangu, na humu ninamoishi hakuna anayejua kwamba nimewahi kukisikia.

Nimekukasirikia, nawe hunisikii, wala hukuweza kunisikia vizuri ulipokuwa hai ila kwa kidole cha mguu. Nakuombea katika kila sala. Mola akusamehe, akupanulie kaburi, akurudishie masikio yako huko uliko, usikie vizuri kila kitu. Mimi nitakusamehe siku nyingine. Leo sijaweza.

Kwaheri, Baba.

Ni mimi mwanao Rukia,
mwalimu wao.