Usiizime Sumaku kwa Ajili Yangu

Mume wangu mpenzi,

Hapana! Jana simu ilikatika kabla sijamaliza kukujibu, kwa hiyo naendelea hapa: usiache masomo huko Johannesburg uje kutafuta kazi ya mgodi Kakanda, eti kwa sababu tumeoana juzi na unanikosa. Mimi nakukosa kukushinda. Kila asubuhi nanusa shati lako kabla sijapika chai. Lakini hapana.

Unakumbuka siku ulipokuja kwetu Kikula kujitambulisha? Baba alikuuliza kazi yako. Ukajibu huku jasho likikutoka, "Papa, niko namulika jiwe yenye iko na mukuba ndani, kisha naangaria mwangaza yenye inarudia."

Tantine, dada yake Baba, akapiga makofi. "Yo! Mutoto wetu atakula mwangaza?"

Nyumba nzima ilicheka. Wewe hukukasirika, mpenzi. Ulieleza taratibu kwamba jiwe hilo lenye shaba likipozwa kupita barafu yoyote, elektroni zake hushikana mbili mbili, na umeme hupita bila kupotea. Ukilimulika kwa leza, mwanga hutawanyika, na sehemu ndogo hurudi ikiwa imebadilika rangi, imebeba alama ya zile jozi. Ukizidisha nguvu ya sumaku inayolizunguka jiwe, jozi huanza kuachana na alama hufifia.

Baba, aliyezeekea kwenye mitambo ya umeme ya Koni, akasogeza kiti chake karibu nawe. "Bila kupotea? Hata kidogo?" Tantine alipofungua mdomo tena, akamkatiza: "Weye, nyamaza kwanza! Acha mutoto aseme."

Nilikuwa nimeshika sinia la soda. Nilikupenda upya palepale.

Sasa unaniambia vimebaki vipimo vya sumaku kali zaidi, na hujui bado alama itafifia vipi. Uviache? Mimi niliolewa na mtu anayetaka kujua. Nikikupata hapa ukiwa umenuna kila jioni kwa sababu hukujua, nitakufanya nini?

Baki, upime. Pasipoti yangu imetoka, na Baba amenipa baraka zake. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka kwenye basi hapo kwenu, nije moja kwa moja maabara nikubusu. Profesa wako akiwepo, ageukie ukutani.

Mkeo, anayefunga mizigo akiimba