Kiti cha Pili kwenye Ndoa Yako

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Katoyi tunaamuka, Mungu asifiwe. Mama yako mukubwa amepona malaria. Mimi ni miguu tu ndiyo inachoka.

Uliuliza kama karti ya mwaliko ilifika vizuri, kwa sababu kompyuta ndiyo ilijaza majina yote kutoka simu yako. Ilifika. Imeandikwa "Papa Sebastiani na Mama Veneranda". Koko yako Veneranda, muke wangu, tulimuzika mwaka jana, lakini simu yako ingali na jina lake.

Nilipokuwa kijana kule Masisi, baba yangu mudogo alinipa kalamu nimuandikie karti za ndoa yake. Mbele ya kila jina aliniuliza, "Huyu, habari yake ya mwisho ni gani?" Kama sijui, alinituma kilimani nikamusalimie kwanza. Nilichoka sana. Lakini siku ya ndoa, kila mutu aliyeingia nilijua ameacha nani nyumbani.

Usimufute koko yako mu simu, wala usinitumie karti ingine. Nitakuja na hii hii. Kiti chake nitakiwekea koti langu.

Ni mimi, koko yako Sebastiani